Taa Fungu Langu, Swichi Fungu Lao

Kwa miaka sita taa ya chumba changu iliwashwa na mke wa kaka yangu, na mke wa kaka yangu simpendi. Nalisema mapema ili msomaji asinitafutie wema. Kila asubuhi nilisimama mbele ya ukuta wa matofali uliokatiza ukumbi wetu, nikagonga mara mbili na kuita, "Naomba taa huko!" Upande wa pili kungekuwa kimya kwa muda wa kutosha kunikumbusha kwamba mimi ni muombaji, kisha sauti yake tamu ingejibu, "Abee dada, ngoja nimalize kukoroga uji." Uji wa nyumba ile ulikorogwa kuliko uji wowote Kisauni. Nami nilingoja.

Nyumba ni ya baba. Aliijenga chumba kwa chumba, na umeme akautia kwa akili zake mwenyewe. Swichi zote za vyumba vya watoto alizipanga kwenye ubao mmoja, nje ya mlango wa chumba chake, ili saa ya kulala ikifika atuzimie sote bila kuzunguka nyumba nzima. Ungekuwa katikati ya ukurasa, giza linakushukia, na hakuna wa kumlalamikia. Tulikua hivyo na tukaona ndivyo nyumba zote zilivyo.

Baba alipofariki mimi nilikuwa nimerudi kutoka Malindi na talaka yangu mkononi, baada ya miaka kumi na minne ya ndoa. Wazee watatu wa ukoo wakaja kugawa. Kaka mafungu mawili, mimi moja, mama thumuni yake, ambayo aliichanganya na ya kaka kwa kuwa angeishi kwake. Hapo sina neno, sheria ni sheria. Wazee wale walipima kwa kamba. Walibishana karibu adhuhuri nzima juu ya unene wa ukuta mpya, utolewe upande wa nani. Waliandika karatasi kwamba kila kilicho upande huu ni cha huyu na kila kilicho upande ule ni cha yule, wala hapana kudaiana, na sote tukatia sahihi. Hakuna mzee hata mmoja aliyeinua macho akatazama swichi. Wala mimi sikutazama.

Fundi mwashi aliujenga ukuta kwa siku moja. Magharibi ilipoingia nilipapasa ukumbini kutafuta ubao wa baba, mkono wangu ukagusa simenti mbichi. Ubao ulikuwa umebaki kwa kaka. Taa ya chumba changu ilikuwa fungu langu, swichi yake fungu lao.

Ningeweza kuwarudisha wazee. Lakini nani angewaita watu wazima watatu, na kanzu zao, waje kuamua swichi? Niliona haya. Kaka naye nilipomwambia aliitikia kwa adabu ile yake inayoniudhi kuliko matusi. "Dada, kilichogawanywa kimegawanywa," alisema. "Nikikutolea ile swichi nitakuwa nimevunja mgawo. Lakini kukuwashia nitakuwashia siku zote. Wataka taa? We sema tu."

Basi nikawa mwanamke wa miaka arubaini na kitu anayeomba taa kwa kugonga ukuta.

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili. Zamani nilikuwa nikienda Shanzu kuwafundisha wageni wa mahoteli, vijidarasa vya asubuhi kabla hawajaenda kujianika pwani. Wageni wale walipoacha kuja, nilipata shule moja ya ng'ambo inayofundisha lugha kwa kompyuta, na chumba changu kikawa darasa. Kina dirisha moja dogo, juu, linalotazamana na ukuta wa nyumba ya pili. Saa nane mchana huwezi kusoma gazeti humo. Na mtu anayejifunza "ng'ombe" na "ngoma" lazima auone mdomo wa mwalimu wake, auone ulimi unakwenda wapi. Wanafunzi wangu walikuwa wakiona kivuli chenye buibui.

Najua mtasema, si ungenunua taa ya mezani? Nilinunua. Nikiiweka mbele, miwani yangu inageuka madirisha mawili meupe na macho hayaonekani. Nikiiweka ubavuni, nina nusu uso. Halafu nitakuwa mwongo nikisema shida ilikuwa miwani tu. Nilitaka taa ya baba, ile iliyo juu ya kichwa changu, itii mkono wangu. Nilikuwa nimechoka kuwa mtoto wa kuzimiwa.

Kaka alijua kwamba nimechoka. Kila Ijumaa akitoka msikitini alipita barazani kwangu kunisalimu, na kila Ijumaa salamu iliishia pale pale. "Dada, mbona usiniuzie sehemu yako? Ukapange huko Shanzu, upate nyumba yenye madirisha, upate raha." Raha yangu ilimshughulisha sana. Nilimjibu kwamba nitatoka nyumba ya baba nikibebwa. Mwezi ninaousimulia hapa, hata hivyo, shule ilikuwa imeniandikia barua ya upole na ubaya: picha yangu ni ya giza, wanafunzi wanalalamika, na hali isipobadilika kabla ya mwisho wa mwezi, madarasa yangu atapewa mwalimu mwingine. Bila madarasa yale nisingekuwa na cha kula. Ningemuuzia kaka, na kaka angesema alhamdulillahi kwa sauti ya huruma.

Lazima nieleze kwa nini chuki ilifika pale, maana miaka ya mwanzo walau walikuwa wakiniwashia na kuniacha. Mama alianguka bafuni. Aliteleza, akavunjika nyonga. Nilisikia kishindo mpaka kwangu, nikatoka mbio, nikazunguka nje na kuingia kwao, na nikamkuta mama sakafuni majini, na kando yake tochi bado inawaka. Juu ya ukuta palikuwa na msumari wa kuitundika. Tochi! Katika nyumba yenye umeme! Jirani wawili walikuwa wameshaingia, na mbele yao nilimwambia mke wa kaka maneno ambayo nilikuwa nimeyahifadhi kwa muda mrefu. "Mnamuogesha mamangu kwa tochi? Balbu tu imewashinda kununua?" Alifungua mdomo ajibu. Mama, pale chini, mfupa umevunjika, alisema, "Nyamaza." Alimwambia yeye, si mimi. Nikajiona nimepewa haki.

Haki ile niliitumia vizuri. Nilimweleza kila shangazi. Wazee wale wale watatu walipokuja kumjulia mama hali, niliirudia hadithi ya tochi toka mwanzo, na kaka alikaa akatazama mkeka. Mama akahamishiwa Likoni kwa dada yake, maana ilionekana hapa hatunzwi. Kila Jumapili nilivuka kwenda kumwona, na kila Jumapili nilirudi nikiwachukia zaidi.

Tangu siku ile mke wa kaka akawa msahaulifu. Niko katikati ya somo, nafundisha "nimekuja, umekuja, amekuja," mara giza. Kwenye kompyuta uso wangu unabaki na ule mwanga wa buluu wa skrini, na mwanafunzi wangu mmoja mzee, mama wa watu mstaarabu, anauliza, "Mwalimu, uko wapi?" Ninagonga ukuta. "Pole dada, nilighafilika," sauti inasema. Siku nyingine alighafilika akaenda sokoni, na nikafundisha saa nzima nikiwa sauti tu. Nililia siku ile, na si kwa huzuni. Nililia kwa kutaka kuvunja kitu.

Nikanunua ujanja. Kuna duka Ziwa la Ng'ombe linalouza vifaa vya simu, na huko niliona balbu inayoongozwa kwa simu. Unaigusa simu yako, mwanga unapungua, unaongezeka, unakuwa mweupe au wa manjano kidogo. Wiki nzima nilikuwa malkia. Niliuweka mwanga nusu, na mawaa ya usoni yakatulia, macho yakaonekana nyuma ya miwani, na yule mama mstaarabu akasema hakujua kuwa mwalimu wake ana vishimo mashavuni. Nilivitabasamisha vishimo vyangu somo zima.

Jumatatu iliyofuata mke wa kaka alizima ukutani. Nikaigusa simu. Simu ikaniambia kifaa hakipatikani. Nikaigusa tena na tena. Balbu ile, pamoja na akili zake zote, ilihitaji umeme ufike kwanza, na umeme ulipita kwenye ubao wa baba. Nilikuwa nimenunua mtumwa mwenye bwana mwingine.

Nikaita fundi wa umeme, kijana mmoja wa bara anayekaa huko huko Ziwa la Ng'ombe. Nilimweleza kwamba nataka kidude cha ukutani cha kuzungusha mwanga upungue au uongezeke, kile wanachokiita dima, upande wangu, na balbu ya juu iongozwe nacho. Kwanza alitaka kunifungia rigeta, ile ya kupunguza kasi ya feni, aliyokuwa nayo mkobani. "Mama, ni kitu moja tu, inapunguza," alisema. Nikamwambia kichwa changu si feni. Akacheka, akakiri kwamba balbu ingetetemeka na kulia kama nzi. Akasema pia kwamba balbu yangu ya simu haipatani na dima, kila moja inataka kuwa mkubwa, na nitafute balbu inayokubali kupunguzwa. Nilianza kumpenda. Taa ya mezani aliigeuza ikatazama ukuta mweupe nyuma ya kompyuta, badala ya kunitazama mimi, na mwanga ukanirudia laini, miwani ikawa safi. Miaka yote hiyo sikuwa nimefikiria kuigeuza.

"Hatutagusa swichi yao," alinieleza. "Nitatoa stima kwa soketi yako, nipande nayo juu, nikate ile ya zamani. Yao itabaki hapo kwa ukuta, ikiwasha hewa." Nilifurahi sana. Niliwaza mke wa kaka akibonyeza, akingoja nigonge, na mimi niko kwangu nafundisha katika mwanga wangu.

Alipanda darini na tochi yake, akatambaa. Baadaye akashuka na vumbi nywele nzima, akaniuliza kama anaweza kusogeza kabati la stoo, kwa sababu kuna waya ameukuta juu asioujua, na hapendi waya asioujua. Tulilisogeza. Nyuma yake palikuwa na swichi.

"Hii ni ya nini, mama?"

"Hiyo imekufa tangu nihamie."

Akaichokoa na testa yake ya kupimia umeme. "Haijakufa. Iko na stima. Waya yake inapita juu, inashuka huko kwa bafu ya hawa jirani."

"Si jirani. Ni kakangu."

"Basi hii ndio swichi ya taa ya bafu yao," alisema, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo. "Na imezimwa huku kwako."

Lile bafu baba alilijenga nilipokuwa Malindi, kwa ajili ya mama, magoti yalipoanza kumsumbua. Mlango wake ulikuwa ukifungukia stoo. Baba aliogopa mkono wenye maji kugusa umeme, kwa hivyo swichi akaiweka nje, stooni. Wakati wa mgawo stoo iliniangukia mimi, mlango ule ukazibwa kwa matofali, na bafu likatobolewa mlango mwingine upande wa kaka. Siku niliyohamia niliibonyeza ile swichi mara mbili, nikaona hakuna kinachowaka upande wangu, nikaizima na kusukuma kabati mbele yake. Sikuifikiria tena hata siku moja. Hakukuwa na haja ya kunieleza mara mbili. Nilikuwa nimesimama pale stooni na mkono mdomoni, na yule fundi aliuliza kama najisikia vibaya.

Nikamwambia amalize kazi yangu. Akamaliza. Dima ikafungwa kando ya meza, mkono wa kulia, na ilizunguka laini, mwanga ukipanda na kushuka nilivyotaka. Alipoondoka nilifanya jambo ambalo naliandika kwa sababu nilisema nisitafutiwe wema. Nililirudisha kabati mahali pake. Ile swichi sikuigusa, nikaiacha imezimwa vile vile.

Siku mbili nilifundisha katika mwanga mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao. Shule ikaandika kwamba picha sasa ni safi, wanashukuru, madarasa ni yangu. Mwanga uliniangukia juu ya kichwa kwa upole, nami nikasema "ng'ombe" na kila mtu akauona ulimi wangu. Upande wa pili nilisikia swichi ya ubaoni ikibonyezwa, ta, kisha kimya, kisha ta tena. Nilitazamia kucheka. Badala yake niliwaza kuhusu tochi. Nilijitetea kwa kila njia. Mbona hawakuuliza? Mimi nilikuwa nikigonga ukuta kila asubuhi, wao mkono uliwauma? Mbona hawakumleta fundi akautoa waya ule, kama mimi nilivyofanya? Watu gani wanaoga gizani miaka sita, wana mgonjwa ndani, na kinywa wanacho? Nilijitetea mpaka nikachoka kujisikiliza.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, kabla ya somo la mwisho, nililisukuma kabati peke yangu mpaka mgongo ukaniuma, na nikaiwasha.

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha nikamsikia mke wa kaka, "Bismillahi!" na ndoo ikaanguka. Alimwita mumewe kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, isiyokuwa na sukari. Nikasikia viatu vya kaka vikiingia bafuni, vikasimama. Alijua nilipo. Kati yetu palikuwa na yale matofali tu yaliyozibia mlango.

"Leo umechoka?" akauliza.

Sikumwelewa. "Nimechoka nini?"

"Kutuzimia."

Nikamwambia sikujua. Nikamwambia swichi ilikuwa nyuma ya kabati, nilidhani imekufa, fundi ndiye aliyeigundua, wallahi sikujua. Maneno yalinitoka yakipandana. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini hakuutoa ule waya.

"Swichi ilikuwa fungu lako," alisema. "Nisingeweza kuigusa." Na hapo ningeweza kumchukia tena, kwa ile adabu yake, na nilikuwa tayari kabisa.

"Na kuniambia?"

"Kukwambia, mama alitukataza. Tangu mwezi wa kwanza. Alisema mwacheni, ametoka kuachwa, ana hasira na watu wote, zikimwisha atawasha mwenyewe. Mimi nilimwambia, mama, pengine dada hajui. Nilimwambia zaidi ya mara moja."

"Akasemaje?"

"Akasema, mwanangu namjua."

Chumbani kompyuta ilikuwa ikiita, somo limefika, na taa yangu ilikuwa inawaka vile nilivyoiacha. Niliiacha iite.